Wa Ndani

Tangu mumewe Amiri azikwe, Mboni alikuwa anaisikia dunia tu, haioni. Eda ilimtaka akae nyumbani miezi minne na siku kumi asivuke kizingiti cha mlango wa mbele, na nyumba yenyewe ni vyumba viwili na ua uliozungushiwa makuti. Kwa hiyo mambo yote ya kitongoji cha Mkwajuni aliyapokea kwa masikio. Alijua bodaboda ya nani inapita kuelekea Kilangala, alijua nani kagombana na mkewe, na alijua nani kanunua redio mpya ya kuringia watu. Wageni wakibisha hodi barazani, mama mkwe wake, Bibi Sikujua, ndiye aliyewajibu: "Mwenyewe yumo ndani." Wakaelewa, wakaacha walicholeta, wakaenda zao.

Sauti aliyoingoja kuliko zote ilitoka shuleni. Shule ya msingi ilikuwa ng'ambo ya uwanja wa mpira, si mbali, na kila siku saa nne, watoto wakishamaliza kunywa uji, ngoma zilianza. Zilikuwa ngoma za kubahatisha, ndoo za rangi zilizowambwa ngozi ya mbuzi, lakini zililia kama ngoma. Zililia weee, kisha kengele ikagongwa mara moja, na shule nzima ikanyamaza. Hakikuwa kile kimya cha watoto walioona fimbo. Kilikuwa kimya cha kweli, na mbwa akibweka bondeni ungemsikia.

Aliyeleta utaratibu huo ni Mwalimu Valeria, Mmakonde wa Newala, aliyehamia hapo mwanzoni mwa mwaka. Mwaka wa nyuma wasichana wa darasa la sita walikuwa wakianguka darasani mmoja baada ya mwingine, wanalia, wanatetemeka. Wakaitwa masheikh, wakaitwa waganga, bado wakaanguka. Mwalimu Valeria alipofika akasema watoto wapige ngoma kwanza mpaka jasho liwatoke, halafu wafumbe macho, wakae kimya, wasikilize. Watu walimcheka sana. Ila wasichana hawakuanguka tena, na hilo hakuna aliyekuja kumwambia.

Miongoni mwa wapiga ngoma alikuwemo Somoe, mtoto pekee wa Mboni, mwenye miaka kumi. Baba yake alifariki ghafla, yuko uani anapigilia misumari banda la kuku, nyundo mkononi, mtoto yuko darasani. Tangu siku ile Somoe hakusema mpaka aulizwe, na akiulizwa alijibu neno moja. Alirudi kukojoa mkekani, yeye mtoto mkubwa. Usiku alilala ameshika upindo wa kanga ya mama yake, na Mboni akitaka kugeuka ilimbidi amfumbue vidole kimoja kimoja. Walimsomea dua, walimfukiza ubani, shangazi mmoja akashauri apigwe kidogo labda atazinduka.

Kisha zikaja hizo ngoma, na baada ya muda si mrefu mkeka ukaanza kuamka mkavu. Siku moja Somoe akaomba aongezwe ugali. Mboni alikwenda kulia kwa furaha nyuma ya lile banda ambalo halikumalizwa, msumari wa mwisho bado umechomoza nusu. Alilia bila sauti, maana mjane akicheka watu wana la kusema, na akilia vibaya pia wana la kusema.

Basi asubuhi hiyo Bibi Sikujua aliingia uani na beseni la makopa kichwani, kilo nyingi za muhogo mkavu ambao si wa nyumba ile peke yake. Kwa kuwa Mboni hakuwa na pa kwenda, ukoo mzima ulikuwa umeamua kwamba hana pia la kufanya. Wanawake wa Mkwajuni waliondoka alfajiri kwenda kupalilia mikorosho, na makopa yao yakaja kwake. Saa nne asubuhi kitongoji kizima kilikuwa na mchi mmoja tu unaotwanga, nao ni wake. Alitwanga kwa namna yake aliyojifunza kwa bibi yake: mara mbili ndani ya kinu, kisha mara moja ukingoni kukung'uta unga ulioganda kwenye mchi.

"Unakiumiza kinu," alisema Bibi Sikujua. "Tangu ulipoolewa nakwambia, mchi haugongwi ukingoni. Kinu hiki ni cha mama yangu."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unasikia?"

Ngoma za shule zilikuwa zimeanza.

"Nasikia, mama."

"Unasikia, na unatwanga tu. Mwanangu hata kaburi lake halijapata nyasi, binti yake anapiga ngoma! Jana kisimani wananiuliza, Bi Sikujua, kwenu msiba mmeshautoa? Nimekosa pa kuuweka uso."

"Mama, mtoto amepata nafuu. Si umeona mwenyewe? Hata mkeka…"

"Mimi nazungumza aibu, wewe unazungumza mkeka." Bibi Sikujua alitua beseni, akajifunga kanga upya kwa nguvu, dalili kwamba neno kubwa lilikuwa halijatoka. "Baba yake mdogo Hussen anakuja Ijumaa baada ya sala. Atamchukua Somoe akakae kwake Sudi mpaka utakapotoka eda. Huko hakuna mwalimu wa kuwapigisha watoto ngoma za matanga. Na mkewe kajifungua, apate mtu wa kumshikia mtoto."

Mchi ulisimama mkononi mwa Mboni.

"Na shule, mama?"

"Sudi wanasomea juu ya miti? Shule zipo."

 Mboni aliifahamu hiyo "mpaka" ya ukoo ule. Binti wa wifi yake alichukuliwa akasaidie uzazi "mpaka mama apate nguvu", na hadi leo yuko huko huko, mtoto aliyemlea sasa anakwenda shule na yeye mwenyewe hakumaliza darasa la saba.  Alitaka kusema mwanangu haondoki, lakini nyumba ni ya Bibi Sikujua, kinu ni cha Bibi Sikujua, na mwenye kauli juu ya mtoto wa marehemu ni Hussen. Akainua mchi, akaendelea.

Mchana Somoe aliporudi, Mboni alimkalisha kwenye mkeka, akamtengea ugali na kisamvu. Alikuwa amepanga amfundishe mtoto la kumjibu baba yake mdogo siku ya Ijumaa. Akianza kuulizwa juu ya kile kimya, aseme vizuri, aseme wanapumzika, wasije watu wakakitia maneno.

"Mwanangu, mkishapiga ngoma, mkinyamaza, mnafanya nini?"

"Tunakaa."

"Mnakaa tu?"

"Tunasikiliza."

"Mwalimu anawasomea kitu?"

Somoe alitikisa kichwa.

"Sasa unasikiliza nini wewe?"

Mtoto alitazama chini. Alimega tonge, akaliviringa, akaliacha. Kisha akasema kwa sauti ndogo mno:

"Namsikiliza wa ndani."

 Wa ndani! Kwa watu wa huko, mtoto aliyefiwa na baba akisema kuna wa ndani anayemsikiliza, akili haiendi kwingine ila kwenye pepo. Aliwahi kumwona mwanamke mmoja aliyekuwa na wa ndani wake, anabadilika sauti, anadai marashi na kitambaa chekundu.

"Anakwambia nini?"

"Hasemi," alisema Somoe. "Anagonga."

Macho ya Mboni yalikwenda yenyewe kwenye banda la kuku, kwenye ule msumari ulioingia nusu. Alitaka kuuliza anagonga wapi, anagonga vipi, akashindwa. Aliogopa jibu. Na kwa kuogopa huko alifanya kosa ambalo nusura limponze: jioni, Bibi Sikujua alipokuja kutawadha, alimweleza. Alidhani anamwombea mtoto dua. Hakujua anampa Hussen fimbo.

"Anagonga?" alisema Bibi Sikujua, birika mkononi, maji yanamwagika bure. "Lahaula! Na yule mwalimu ndiye anayewafumbisha macho?"

Jumatano Mboni aliamka na homa. Viungo vilimuuma, kichwa kilikuwa kizito, akabaki kitandani na makopa ya watu akayaacha kwenye beseni. Bibi Sikujua hakwenda shamba siku hiyo. Alimpikia uji, akakaa mlangoni anachambua mchele, na kwa kweli alikuwa na huruma zake, ila zilitoka na masimango.

Saa nne ngoma zililia. Kengele ikagongwa. Kimya kikashuka. Mboni alikuwa anasinzia aliposikia miguu ya mtu anayekimbia, mlango wa ua ukasukumwa mpaka ukagonga nguzo, na Somoe akaingia chumbani peku, anahema, jasho linamchuruzika. Hakusema neno. Alikuja mpaka kitandani, akaweka kiganja juu ya kifua cha mama yake, akakiacha pale.

"Somoe! Kuna nini?"

Mtoto alikuwa anatetemeka mwili mzima. Alikaa hivyo mpaka pumzi ikamrudia, kisha akaondoa mkono, akageuka, akatoka, akarudi shuleni kwa miguu yake mwenyewe kana kwamba alitumwa chumvi.

Bibi Sikujua alibaki na ungo wake mapajani. "Umeona?" alinong'ona. "Kamuona. Huyo wa ndani kamtokea, mtoto kakimbia. Audhu billahi!"

Siku hiyo hiyo alimpigia Hussen. Mboni alimsikia uani akipaza sauti kwenye simu, kana kwamba Sudi ni mbali sana na sauti lazima iende kwa miguu. Habari ilikuwa imeshaota pembe. Mtoto amefumba macho kwa mwalimu, amegongewa, amekimbia anatokwa povu. Povu halikuwepo, lakini Mboni alikuwa na homa na hakuna aliyemuuliza.

Ijumaa ilifika. Hussen alikuja na bodaboda ya kukodi, kijana aliyeiendesha akaisimamisha kivulini na kuambiwa asiende mbali. Hussen alikuwa mdogo wa Amiri, mtu wa kanzu safi na maneno machache, mvuvi aliyejaliwa kununua mashine ya boti. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyemwosha kaka yake, na siku ile alitoka chumbani macho mekundu, akakaa nyuma ya nyumba peke yake mpaka jeneza linatoka. Mtoto wa Amiri kwake alikuwa amana, na amana aliiogopa.

Walikaa barazani. Alikuwepo Mzee Abilahi, mwenyekiti wa kitongoji, aliyependa vikao kuliko wali. Alikuwepo Mwalimu Valeria, ameitwa, amekaa mwisho wa benchi na mikono mapajani. Somoe alikaa katikati, amevaa gauni la Iddi, begi la nguo limewekwa miguuni pake. Mboni hakuwepo. Alisimama nyuma ya pazia la mlango, na Bibi Sikujua amesimama naye bega kwa bega, kamshika kanga kiunoni.

"Mwalimu," alianza Mzee Abilahi baada ya dibaji ndefu kuhusu amani ya kitongoji, "wazee wanataka kufahamu. Hawa watoto mnawafundisha nini kwenye hicho kimya?"

"Hatuwafundishi kitu, Mzee. Wanapiga ngoma, wanachoka, wanatulia. Wanafumba macho na kusikiliza."

"Wanamsikiliza nani?" aliuliza Hussen.

"Chochote kinachosikika."

Hapo mwalimu aliteleza, maana barazani palizuka minong'ono kwa majirani waliosimama. Hussen alinyoosha kanzu yake magotini.

"Mwalimu, mimi sina ugomvi na dini yako. Lakini kwetu mtu hafumbi macho akasikiliza chochote. Chochote ni nani? Mtoto huyu mwenyewe kasema kuna wa ndani anamgongea."

"Mimi sikuwahi kutaja wa ndani," alisema Mwalimu Valeria, na sauti yake ilianza kupanda. "Muulizeni mwenyewe! Huyu mtoto alikuja kwangu hashiki kalamu, anatafuna kucha mpaka damu. Mtazameni vidole leo. Kama kuna ubaya nimemfanyia, uko wapi?"

"Alikimbia Jumatano."

"Alikimbia, ndiyo. Sijui kwa nini. Sikumwadhibu, nilimngoja, akarudi."

"Hajui kwa nini," alirudia Hussen taratibu, akiwageukia watu.

Mzee Abilahi alimwita Somoe jina, akamwambia asiogope. Nyuma ya pazia Mboni alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja. Akamwona mwanawe kwa upenyo, shingo nyembamba, nywele alizomsuka mwenyewe jana.

"Sema, mjukuu wangu. Unamsikiliza nani kwenye kimya?"

Somoe alifumbua mdomo. Watu wote walinyamaza kumngoja, na kimya hicho kilipozidi, mtoto alianza kubadilika. Mabega yalipanda mpaka masikioni. Macho yalitoka. Mboni aliona vidole vinaingia mdomoni, kimoja kimoja, kama zamani.

"Wa ndani," alisema Somoe. "Hagongi."

"Mmesikia!" alisema jirani mmoja.

"Hagongi," alirudia Somoe, sasa analia, anatetemeka kama siku ya Jumatano. "Hagongi!"

Hussen alisimama. Uso wake ulikuwa umepauka kwa hofu ya kweli. "Basi. Inatosha. Tumeona kwa macho." Akaokota begi, akamshika mtoto mkono. "Kijana, washa pikipiki!"

Pikipiki ilinguruma. Mboni alisukuma pazia, na Bibi Sikujua akamvuta nyuma kwa kiuno.

"Unakwenda wapi? Wanaume wamejaa pale. Una wazimu?"

"Niache, mama. Mwanangu!"

"Unataka mwanangu aaibike kaburini?"

Barazani Mzee Abilahi alikuwa mtu wa taratibu, na kikao kufungwa kabla hajakifunga yeye kilimuudhi. Aliinua mkono. "Ngojeni kwanza. Mtoto ana mama. Je, huyu wa ndani naye ana neno, au tufunge?"

Huyu wa ndani.

Mboni alisimama kama aliyechomwa mwiba. Alisikia neno lile lilivyotoka barazani kwa sauti ya kawaida kabisa, mzee wa watu hana habari, akimtaja yeye. Yumo ndani. Huyu wa ndani. Ndivyo walivyomwita wote tangu msiba, yeye alikuwa hajalizingatia kwa sababu hawakuwa wakimwita hivyo usoni. Mtoto alikuwa anasikia. Na Jumatano, Jumatano yeye alikuwa kitandani na makopa yamelala kwenye beseni. Hagongi. Mungu wangu, alisema Mboni moyoni, mtoto ananisikiliza mimi!

"Wa ndani hana neno," alijibu Bibi Sikujua kwa sauti kupitia pazia. "Chukueni mtoto."

Mboni aliifungua kanga kiunoni, akaiacha mkononi mwa mama mkwe, akabaki na gauni. Hakwenda barazani. Alikimbia uani. Beseni la makopa hakulitazama, hapakuwa na wakati. Alishika mchi kwa mikono miwili na kuupiga ndani ya kinu kitupu.

Mara mbili ndani. Mara moja ukingoni.

Mara mbili ndani. Mara moja ukingoni. Kinu bila nafaka kilitoa sauti kavu, kali, iliyoruka juu ya makuti. Alipiga kwa nguvu ambayo homa haikuwa imemwachia, na mara moja akatambua shida nyingine. Akitwanga, hasikii kinachosemwa nje. Akiacha asikilize, mtoto naye atamkosa. Hakuwa na namna ya kujua kama wanampandisha mtoto kwenye pikipiki au wanamshusha. Kwa miezi mitatu dunia yake ilikuwa masikio, na sasa ameyaziba mwenyewe. Akaendelea kutwanga, machozi yanadondoka ndani ya kinu.

Yaliyotokea barazani alikuja kusimuliwa baadaye, na kila aliyesimulia aliongeza lake, ila katika jambo moja wote walikubaliana. Mchi ulipoanza, Somoe alikuwa ameshapandishwa. Alinyamaza kulia pale pale, katikati ya kwikwi. Mabega yakashuka. Akatoa vidole mdomoni, akaviweka juu ya tangi la pikipiki, na vidole vikaanza vyenyewe: mara mbili katikati, mara moja pembeni.

"Hiyo ndiyo ngoma yake," alisema Mwalimu Valeria, na alikuwa amesimama. "Kila siku anapiga hiyo hiyo. Nimemfundisha nyingine, hataki."

"Zima pikipiki," alisema Mzee Abilahi.

Kijana akazima. Sasa mchi ulisikika vizuri mpaka barabarani. Bibi Sikujua, ambaye alikuwa ametoka mlangoni bado ameshika kanga ya mkwewe, alisema kwa hasira ya mazoea, "Mboni huyo, anakigonga tena kinu changu ukingoni!" Kisha akasikia alichokisema. Akatazama mlango, akatazama vidole vya mjukuu wake.

"Somoe," aliuliza Hussen, na sauti yake haikuwa ile ya mwanzo. "Wa ndani ndiye huyo?"

Mtoto aliitikia kwa kichwa.

"Kwa nini unamsikiliza?"

Somoe alijibu bila kuacha kupiga, na majirani wanasema hawakuwahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi kile tangu msiba. "Baba alikuwa anagonga nyundo. Nilikuwa namsikia darasani. Nyundo ikanyamaza. Halafu watu wakalia." Akameza mate. "Mama asipogonga, nakuja kumtazama."

 Hussen aliondoka, akaenda nyuma ya nyumba, mahali pale pale alipokaa siku ya mazishi, na alichukua muda. Aliporudi alikuwa amelowesha upindo wa kanzu. Alimshusha mtoto kwenye pikipiki kwa mikono yake mwenyewe.

"Abaki," alisema.

"Na ngoma?" aliuliza jirani mmoja asiyeweza kujizuia. "Ngoma katika eda?"

Watu walimtazama Bibi Sikujua, maana aibu ilikuwa ya kwake kwanza. Bibi kizee aliikunja kanga ya Mboni, akaiweka begani.

"Ngoma gani?" alisema. "Wewe husikii? Huko ni kutwanga. Nani kakataza watu kutwanga msibani, mnataka tule nini?"

Hayo yote Mboni hakuyajua. Alichosikia, katikati ya pigo na pigo, ni pikipiki ikiwaka upya. Ikanguruma, ikazunguka, ikashika njia ya kwenda Sudi, ikapungua sauti mpaka ikaisha.  Wamemchukua, aliwaza, mwanangu wamemchukua. Lakini hakuacha. Huenda mtoto yuko njiani bado anasikia, huenda mpaka kwenye kona ya mikorosho bado anasikia. Aliinua mchi, akapiga mara mbili, akapiga ukingoni. Viganja vilikuwa vimechubuka na mti wa mchi ulikuwa umeanza kuteleza.

Mlango wa ua ulifunguka. Hakuusikia.

Mkono mdogo uliushika mchi, chini ya mikono yake, ukauzuia usipande. Somoe alikuwa amesimama hapo na gauni lake la Iddi, begi lingali begani, uso umejaa vumbi na michirizi ya machozi. Alichungulia ndani ya kinu kitupu, kisha akamtazama mama yake.

"Pumzika, mama," alisema. "Nimeshakusikia."